Mpishi Aliyenifundisha Kiitaliano

Jina lake nalijua, na huwa nalitaja ninaposali. Hapa nitamwita Mpishi, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu pale misheni, kuanzia Padri hadi akina mama waliotuletea maziwa. Yeye mwenyewe hakulipenda neno hilo. Alitaka kuitwa Mwalimu. Nafasi ya kumwita hivyo, mahali ambapo neno langu lingesikilizwa, niliipata mara moja tu nikaitupa, kwa hiyo sioni haki ya kumtunuku cheo hicho leo, hapa kwenye karatasi, ambapo hakimfai kitu.

Alikuwa mrefu na mkavu, na alivaa kofia ya sufu ya buluu hata akiwa mbele ya jiko linalowaka. Alitoka Mbeere, upande wa Kiritiri. Sisi wa huku Nkubu tulimhesabu mgeni ingawa alikuwa ameishi kwetu miaka mingi kuliko umri wangu. Vibarua wa misheni walimtania kwamba ametoka kwa watu wanaokula vumbi. Alijibu kwamba sisi wa mlimani tunaogopa jua, ndiyo maana watoto wetu wanazaliwa wamevaa sweta. Wote walicheka, yeye hakucheka, kisha aliwapa chai.

Alipika tambi za wazungu maisha yake yote na sikuwahi kumwona akizitia mdomoni. "Hiyo ni chakula ya mtu hana meno," alisema. Yeye alikula ndengu na kunde alizoletewa kutoka kwao, akizichemsha katika sufuria ndogo nyeusi kando ya jiko kubwa. Lakini ole wako uziharibu tambi hizo asizozila. Siku moja Sista mgeni alizichemsha mpaka zikawa uji. Mpishi alizibeba hadi kwa nguruwe, akasimama kuhakikisha zimeliwa, akarudi na kutangaza kwamba hata nguruwe wamemwangalia vibaya.

Mimi nilikuwa mfuaji na mpiga pasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, na Padri, yule mzungu mzee aliyejenga kanisa, alikuwa amenitafutia nafasi ya kusomea uuguzi kwao Italia, mradi niijue lugha. Watu wa rika langu waliopata bahati kama hiyo miaka ile ya tisini mwanzoni unaweza kuwahesabu kwa vidole. Padri alinipa kamusi iliyochanika jalada. Nilipomuuliza nitaanzia wapi, alininyooshea kidole kwenye mlango wa jikoni. "Mimi niko na kazi," alisema. "Yule pale anajua." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata kwa Padri. Naomba yakumbukwe, maana nitayazungumzia tena kwa aibu.

Mpishi hakuwa na kitabu. "Hii lugha hakuna mtu alinifundisha," aliniambia siku ya kwanza. "Niliokota chini ya meza, kama kuku." Alianza na matusi, kwa kuwa ndiyo aliyosikia mara nyingi alipokuwa mgeni kazini. Kutoka hapo alifika kwenye majina ya vyombo, kisha hali ya hewa, kisha siasa za nchi ambayo hakuwahi kuiona. Kusoma alijifunza kwa magazeti ya Kiitaliano yaliyoletwa jikoni ya kuwashia moto. Hakuna gazeti lililoingia jikoni likachomwa kabla hajalimaliza. Moto wetu ulichelewa sana asubuhi, na Padri akadhani ni kuni mbichi.

Sheria yake kwangu ilikuwa moja: ndani ya jikoni, kitu nisichoweza kukiomba kwa Kiitaliano sikipati. Wiki ya kwanza nilikunywa chai bila sukari. Wiki ya pili nililipata neno la sukari, nikalitumia kupita kiasi hadi akaificha. Jumamosi alinichukua soko la Nkubu kunisaili. Alisimama nyuma yangu huku nikiulizia nyanya kwa lugha ambayo mwenye nyanya hajawahi kuisikia, naye akawa anamfasiria yule mama kwa Kimeru, kwa uso mkavu kabisa, kama karani wa mahakama.

"Mpishi, umeharibu huyu msichana," mama mmoja alimwambia.

"Nimemtengeneza," alisema. "Nyinyi ngojeni tu."

Jambo lililonishinda zaidi halikuwa neno lolote. Kwetu msichana haongei na mtu mzima huku amemkazia macho. Unatazama chini, unatazama ukuta, unatazama vidole vyako vya miguu. Nililelewa hivyo na nilijivunia adabu yangu. Mpishi alikuwa amewaona wazungu wakiwadhania wafanyakazi kuwa wezi kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo alivuta kiti, akaketi kama askofu, akaniamuru nisimame mbele yake na kumtazama machoni wakati nikizungumza. Nilitokwa na jasho. Nilihisi ninamtusi baba yangu.

"Usiangalie chini, mwari," alisema, neno lao la binti. "Chini hakuna mtu. Huko kwao ukiangalia chini wanasema umeiba ama unadanganya. Niangalie mimi. Na ukikosa neno usinyamaze. Onyesha na mkono, tafuta, zunguka, lakini usinyamaze. Ukinyamaza watafikiri hauna akili."

Jambo moja lililomhusu lilinichekesha wakati ule. Kwao Kiritiri hakuna aliyejua kwamba anapika. Mwanamume wa Kimbeere wa rika lake kushika mwiko kila siku na kuvaa aproni! Aliwaambia anafanya kazi "na mapadri", na watu wakajaza wenyewe waliyotaka kujaza. Mwaka mmoja mkewe alikuja kumtembelea ghafla. Mpishi aliwaomba wote wamwite Mzee, akanivuta kutoka kwenye pasi, akanifunga aproni yake, na siku tatu nzima nikasimama mbele ya jiko huku yeye akitembea nyuma yangu, mikono mgongoni, akinong'ona: chumvi, geuza, punguza moto. Mke wake alinisifu sana. Alisema nimefundishwa na mama. Niliinamisha kichwa nikasema asante. Kumbe nilikuwa tayari najua kupokea na kugawa sifa zisizo zangu.

Nilipotafuta kisingizio baadaye, hicho ndicho nilichokishika: yeye mwenyewe alilificha jiko, mimi nilifanya kosa gani kulificha? Lakini alilificha kwa sababu alitaka siku moja kutoka humo kichwa juu. Hilo nalo nilijua, na sina wa kumdanganya.

Padri alifariki mwaka mmoja kabla sijasafiri. Akaja padri mpya, kijana Mmeru, ambaye tulimwita Father. Alikuwa mtu mwema na mwenye tahadhari. Hakujua neno la Kiitaliano, na hakumkuta Padri hai amweleze mambo yalivyo. Mpishi alimwendea ofisini akamwambia kwamba mimi ni mwanafunzi wake tangu mwanzo, na kwamba kuna wasichana wengine wanaongojea kwenda, na yeye yuko tayari kuwafundisha. Father alimsikiliza. Mpishi anayesema ni mwalimu wa lugha ya kigeni si jambo la kila siku.

"Mzee, sikatai," Father alimwambia mbele yangu. "Lakini mimi sijui hiyo lugha, siwezi pima. Wacha huyu aende. Chuo wataandika barua. Wakisema amefunzwa vizuri na ni wewe, ile store ya kando tunafanya darasa, na jikoni tunatafuta mtu mwingine."

Nilimwona Mpishi akitoka pale. Hakurukaruka, hakuwa mtu wa hivyo. Lakini wiki hiyo alitafuta ubao mpana, akasaga makaa na betri kuukuu, akachanganya na majani, akaupaka ubao hadi ukawa mweusi tititi. Aliuegemeza ukutani, nyuma ya magunia ya maharagwe, ukauke. Siku niliyoondoka, watu wa kanisa walinisindikiza kwa nyimbo na maombi, na kila mmoja akanipa maagizo: nisisahau misa, nisiolewe huko, nile vizuri. Yeye alinishika mkono tu. "Wakikuuliza," alisema, "sema."

Alijua wataniuliza. Na mimi nilijua.

Nilifika Italia majira ambayo ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana. Chuo kilikuwa cha masista, katika mji mdogo wa kaskazini, na tulilala wasichana wanne chumba kimoja. Siku ya kwanza nilipotea nikienda darasani. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikaonyesha kwa mkono, nikazunguka, sikunyamaza, na mzee mmoja mfagiaji akanifikisha mlangoni. Darasani mwalimu aliniita mbele, nikamtazama machoni, nikajibu. Wageni wenzangu wawili kutoka nchi nyingine walitazama chini, na alama zao za siku hiyo zilionyesha hivyo. Kila hatua niliyopiga salama zile siku za mwanzo nilipiga kwa miguu ya Mpishi. Sisemi hivi kwa upole, nasema kama mtu anayesoma mashtaka yake.

Kisha ikaja siku ya tatu, mezani. Lugha niliyokuwa nayo ilikuwa imeokotwa chini ya meza, na aliyeko chini ya meza husikia maagizo na malalamiko. Nilijua kusema supu imepoa, nani ameacha mlango wazi, leta haraka. Sikujua kusema nasikia baridi, wala nimekumbuka nyumbani. Basi nilitaka chumvi, na kwa sauti niliyoizoea jikoni kwetu nikamwambia Sista aliyeketi kando yangu, mwanamke wa miaka sabini: "Chumvi, upesi, umelala?"

Meza nzima ilinigeukia. Halafu wakacheka mpaka Sista mwenyewe akafuta machozi. Hakukuwa na ubaya katika kicheko chao, leo nakiri hivyo. Msichana mmoja wa chumbani kwetu, huku bado akishika mbavu, akaniuliza: "Wewe umefundishwa na nani, mpishi?"

Hakujua amegonga penyewe. Alifanya utani tu. Mimi niliona jiko lote: kofia ya buluu, sufuria nyeusi ya ndengu, nguruwe, magazeti. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliwaona wakijua kwamba msichana aliyeletwa kutoka mbali kusomea uuguzi alifundishwa kusema na mtu anayemenya viazi. Nilicheka nao. Kisha nikainamia sahani yangu.

Siku iliyofuata Sista Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu mkononi. Alisema walimu wamenisifu. Kiitaliano changu, alisema, kina vituko vyake, lakini ni cha mtu aliyezoea kukizungumza, na hawajawahi kupokea mwanafunzi kutoka nchi za mbali aliyekitumia hivyo siku ya kwanza. Alitaka kuwaandikia misheni. Walikuwa tayari kupokea wasichana wengine, ikiwa aliyenifundisha mimi atawafundisha na wao.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu wanaposimulia makosa yao husema neno liliwatoka. Langu halikunitoka. Nilifikiri. Nilimtafuta mtu anayefaa kuandikwa kwenye karatasi nzuri kama ile, nikamwona Padri. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mzungu, kwa sababu alikuwa msomi, na kwa sababu marehemu hawezi kukanusha. Sehemu yangu moja hata ilijiambia kwamba ni heshima tu. Kwetu mambo yote mema hupewa mkubwa: chifu hushukuriwa kwa barabara iliyochimbwa na wengine, na hakuna anayeona ajabu. Nilijifunika hiyo desturi kama shuka.

"Padri wetu," nilisema. "Lakini amefariki."

Niliyasema hayo nikitazama sakafu. Sista Mkuu alidhani ni majonzi. Aliinuka akanikumbatia.

Barua ilitumwa. Mimi niliendelea na masomo, nikajifunza maneno ya baridi na ya upweke na majina ya mifupa yote, na baada ya miezi mitano nikapata barua ya mama. Aliandika habari za mvua, za ng'ombe, za ndoa ya binamu yangu. Mwishoni akaandika kwamba yule Mpishi ameacha kazi na kurudi kwao. Watu wanasema, aliandika mama, alikuwa anajigamba kwamba ndiye aliyekufundisha, kumbe ilikuja barua kutoka huko ikaonyesha ni Padri, na Father akamwambia yaishe, basi akaona haya. Wasichana waliokuwa wanangojea wameambiwa wasubiri, na wawili wameshaolewa. Maskini, aliandika, uzee unaweza kumfanya mtu aseme chochote.

Mama yangu alijua nilikuwa nashinda jikoni. Lakini barua ya chuo ilikuwa barua ya chuo.

Ningeweza kuandika siku hiyohiyo. Stempu ilikuwepo. Nilianza kumwandikia Father mara nyingi, na kila mara nilifika kwenye sentensi inayosema nilidanganya, nikaona nafasi yangu chuoni ikiondoka, nikaona aibu ya mama kanisani, nikaikunja karatasi. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. Nikahitimu. Nilirudi nyumbani, nikapata kazi hospitalini Embu, nikapanga nyumba Dallas, mtaa ambao rafiki zangu wa Italia walidhani uko Marekani. Kutoka hapo hadi Kiritiri si mbali. Mtu akitaka, anaenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kutaka.

Hatimaye nilienda, siku ya soko la mbuzi. Sikuhitaji kuuliza sana. Alisimama kwenye jua kali, kofia kichwani, ameshika kamba za mbuzi watatu. Amezeeka, nilifikiri, kisha nikafikiri hapana, amekonda. Mnunuzi mmoja, mwanamume mnene mwenye fimbo, alikuwa amechutama akipapasa mbavu za mbuzi mmoja.

Nilimsalimu kwa Kiitaliano. Nilikuwa nimeipanga salamu hiyo njia nzima. Alizikusanya kamba katika mkono mmoja, akanipa mkono wa pili.

"Karibu, mwari," alijibu kwa Kiswahili. "Umenenepa. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mzee."

"Na ulipasi huko?"

"Nilipasi."

"Namba ya ngapi?"

"Ya tatu."

Alitikisa kichwa polepole, akiridhika. Nilimvuta kando kidogo, hatua mbili tatu, mbuzi nao wakaja. Nikamwambia yote, haraka, kabla woga haujanirudia. Nikamwambia waliniuliza, na sikusema. Kwamba nilimtaja Padri. Kwamba nilimwonea haya.

"Najua," alisema. "Si ni mimi nilisoma."

Sikuelewa.

"Hiyo barua. Father hajui hiyo lugha, na hakuna mtu mwingine. Alinitoa jikoni, mikono iko na unga. Akaniambia, mzee, soma polepole tusikie. Katekista alikuwa hapo, na mama wa kwaya. Nikasoma. Nikafika hapo kwa jina." Alifungua mkono, akaufunga. "Nikasoma hilo jina."

"Mzee, ungesoma jina lako! Nani angejua?"

"Nilisimama hapo kidogo. Father akauliza, mzee umekwama? Nilifikiria kuweka langu. Halafu nikaona, nikiweka langu, Father atajibu, atasema asante kwa kutaja mpishi wetu. Hiyo barua ifike kwa wale masista. Wakuite. Wakuulize, mbona ulituambia ni padri? Wewe uko huko peke yako, huna baba, huna mama. Wangekurudisha." Alinyoosha kamba ya mbuzi iliyojisokota. "Mimi nilikuwa nyumbani. Mtu akiwa nyumbani hawezi rudishwa mahali."

Nililia pale sokoni, mchana kweupe, na watu wakatazama. Nilimwambia twende wote kwa Father, bado yuko, nitamweleza mbele ya kanisa zima. Alisema wale wasichana sasa wana watoto. Alisema na yeye macho yamepungua, hawezi tena kusoma maandishi madogo.

Yule mnunuzi alikuwa amemaliza kupapasa mbuzi. Alitusogelea, akaniangalia viatu, akaangalia machozi.

"Huyu ni msichana wako?" alimuuliza Mpishi.

"Hapana," Mpishi alisema. "Huyu ni nesi wa hospitali kubwa, Embu. Alisomea ng'ambo. Alifundishwa lugha ya huko na padri mmoja mzungu, alikufa."

Aliyasema bila kusita, kwa sauti ile ile aliyotumia, bila shaka, mbele ya Father na katekista na mama wa kwaya. Hakuwa akinisuta. Alikuwa bado ananilinda.

"Si padri," nilisema. Nilimtazama yule mwanamume machoni. "Ni huyu. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha."

Mnunuzi alimtazama Mpishi kuanzia kofia hadi kwenye malapa, akawatazama mbuzi, kisha akaangua kicheko na kumpiga begani. Mpishi alicheka pamoja naye, kidogo, kwa adabu. Nilirudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, na yule mwanamume akaniambia nina roho nzuri kuwafurahisha wazee namna hiyo, kisha akauliza kama yule mbuzi mweusi amewahi kuzaa.